Msumeno Uliogeuzwa Kutazama Mlango

Saa mbili na nusu asubuhi, Fundi Randa anapiga chafya mara tatu, analitukana vumbi la mbao, kisha anawasha msumeno wa meza. Mbele yake kuna ubao wa ubavuni mwa kitanda. Mbele ya ubao kuna mlango wa karakana, umeachwa wazi.

"Zamani mlango ulikuwa mgongoni kwangu," anasema akikung'uta maranda kwenye aproni. "Na mimi mgongoni sina macho."

Mama huyu wa miaka hamsini na mbili, aliyebatizwa jina hilo na wateja kwa sababu haazimi mtu randa yake, ni seremala kwa mwaka wa ishirini na sita sasa. Mwezi mzuri alikuwa akitoa vitanda vinne. Miezi minane iliyopita, msumeno ukapita na ncha za vidole viwili vya mkono wake wa kushoto.

Kidonda kilipona, woga ukabaki. Kila alipogusa swichi mkono ulitetemeka, akaiacha. "Nikajiambia mkono umeshazeeka, basi tena. Nikaanza kuulizia mnunuzi wa mashine."

Binti yake, karani wa ofisi, alichoka kumwona mama ameketi anatazama ukuta. Akamwekea mchezo kwenye kompyuta. Ni mchezo wa polepole: unajenga karakana katika mji mdogo, unapanga mashine upendavyo, majirani wanakuja kuagiza viti na kupiga soga. Hakuna adui wala haraka.

"Nikamwambia, we mtoto, mimi wa kuchezea katuni?" Fundi anaangua kicheko. Siku ya tatu, binti alikuwa anaiomba kompyuta yake kwa adabu.

Fundi hakukosa la kulalamikia. Gundi inakauka kufumba na kufumbua! Mbao hazina hata fundo moja! Hata hivyo, karakana ya kwenye mchezo aliipanga sawasawa na yake: benchi dirishani, mbao kona ya kulia, msumeno katikati. Akakaa kuitazama kutoka juu, jambo ambalo chumba chake mwenyewe hakijawahi kumruhusu.

Jirani akaingia mlangoni, akaenda moja kwa moja hadi nyuma ya fundi anayekata. Akaja wa pili, naye mgongoni. Wa tatu vilevile.

"Niliruka, chai ikamwagika. Nikasema, kumbe! Si mkono!"

Siku ya ajali, mdogo wake wa kike aliingia kwa mlango huohuo wa nyuma yake, akapaza sauti ishinde mashine: "Hodi, dada!" Fundi akageuka, mkono ukamponyoka.

Tangu hapo mdogo mtu alimfulia, akampikia, akamfunga bendeji, lakini karakanani hakukanyaga tena. "Nilidhani sauti yangu ndiyo iliyomkata," anasema. "Hata nyumbani kwa watu nikawa naogopa kubisha hodi."

"Nilijua anajilaumu, nikanyamaza," anakiri Fundi, na hapa hacheki. "Nilikuwa na lawama zangu, sikuwa na nafasi ya za mwingine. Nilikosea."

Jioni ya siku ile chai ilipomwagika, alimpigia mdogo wake simu: "Njoo na viatu vya kazi. Tunageuza msumeno."

Iliwachukua nusu siku, na mgongo wa mdogo mtu unauma hadi leo, kwa maelezo yake mwenyewe. Fundi alipowasha mashine akiwa anautazama mlango, mkono ulitulia. Wote wawili wakalia, kisha wakacheka jinsi walivyojaa vumbi usoni.

Sasa anatoa vitanda viwili kwa mwezi. Mashine haiuzwi tena. Kabla ya mwaka kwisha anataka kurudi kwenye vinne, na hiki anachokikata leo ni cha mdogo wake, bure, kwa ajili ya ule mgongo.

Kivuli kinatokea mlangoni. Fundi anazima msumeno kabla mgeni hajafungua kinywa.

"Karibu, mdogo wangu. Nimekuona tangu uko barabarani."

Mdogo mtu anasimama kizingitini, anavuta pumzi, na anabisha hodi hata hivyo, kwa sauti inayosikika hadi nyumba ya tatu.