Zamu Yangu ya Kusimama Kichwa Chini

Akina mama, kaeni vizuri. Anayenyonyesha anyonyeshe, anayetaka kutoka atoke sasa, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatizwa. Leo nitasema yote, hata yale mmekuwa mkinong'ona kule jikoni kwa kanisa mkidhani sisikii. Kilichoumia ni shingo, masikio yangu yako sawa.

Wengi mnanijua kama Mama Sheila wa saluni, kule mtaa wa Shabab. Mimi ni msusi. Nilianza kusuka nikiwa darasa la tano, kwenye nyumba za reli, mahali babu yangu alipewa chumba alipotoka Magharibi kuja kufanya kazi ya treni. Nimesuka maharusi, nimesuka waliofiwa, nimesuka wengi wenu mlio hapa na siri zenu ninazo. Sina kipawa kingine. Kuimba siwezi, mmenisikia wenyewe Jumapili. Mikono hii ndiyo imenilisha na kunipa jina. Kwa hivyo nikiwaambia niliogopa, mjue niliogopa kupoteza nini.

Sasa, msusi anasimama tangu asubuhi hadi jioni. Mgongo wangu ulikuwa umeanza kulalamika, na magoti pia. Ndipo akaja Chebet, huyu msichana wa Njoro mnayemwona hapo mbele ameinama kwa aibu. Asubuhi Chebet anafundisha mazoezi kwa wale mama matajiri wa Milimani wenye mikeka ya rangi rangi. Alhamisi jioni anatufundisha sisi hapa ukumbini, juu ya leso zetu za kujifunga kiunoni, bila kutuitisha hata shilingi. Mke wa pasta alimwuliza kwanza kama hayo mambo ya yoga yana miungu ndani. Chebet akamjibu, "Mama, ni kunyoosha mwili na kupumua tu. Mkitaka tutaomba kabla na baada." Tukaomba kabla na baada. Staili zenyewe tukazipa majina yetu. Kusimama kwa mguu mmoja tukaita flamingo, maana hiyo kila mtu hapa ameiona ziwani. Kulala chali miguu ikiwa juu tukaita mshumaa. Ile ya mwisho ya kulala kimya, wengine wenu mlikuwa mnakoroma, sitataja majina.

Nilipenda hiyo Alhamisi yangu jameni. Mgongo ulilegea. Nilikuwa narudi nyumbani nikitembea kama msichana, mpaka mume wangu, Baba Sheila, anauliza, "Kwani huko mnafundishwa nini?"

Lakini sisi ni watu wa chama. Wanawake wawili wakikutana hapa kwetu, hata kama ni kwa kutafuna miwa, lazima kuwe na zamu, katibu na chai. Chebet alikuwa anamaliza saa kumi na mbili, anakimbilia gari la Njoro. Yeye akishatoka, sisi tunabaki. Ndiyo tukaanza zamu: kila Alhamisi mama mmoja anatoa staili ngumu kuliko ya wiki iliyopita, halafu anatupikia chai. Chebet hakuambiwa. Na zamu ya chama mnaijua, haikataliwi. Ukiikataa utasemwa kutoka hapa mpaka Gilgil.

Wiki moja Mama Njeri akatoa kunguru. Aliweka mikono chini, akaweka magoti juu ya viwiko, akainua miguu, akakaa hewani. Mama Njeri huyu huyu, na mwili wote huo! Tulipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Wiki iliyofuata zamu ilikuwa yangu.

Nilijua nitakachofanya. Siku moja Chebet alikuwa ametuonyesha kusimama kichwa chini, yeye mwenyewe, miguu imeegemea ukuta. Alipomaliza alituambia, "Hii msijaribu. Inataka miezi ya kuimarisha mabega na shingo." Nilimsikia kwa masikio yote mawili. Lakini wiki nzima nilijaribu kwa chumba cha kulala, ukutani. Baba Sheila akanipata mara moja. "Mama Sheila, umepoteza nini huko chini?" Nikamwambia ni hereni.

Siku ilipofika sikutaka ukuta, ati ukuta ni wa waoga. Nikakunja leso mara nne, nikaiweka katikati ya ukumbi, nikaweka kichwa, nikapandisha miguu. Nikasimama! Haki ya nani nilisimama. Mama Njeri akaanza kuhesabu kwa sauti. Akafika nne. Kabla ya tano mikono ikalegea, uzito wote ukaja kwa shingo. Nikasikia kach, kama karoti ikivunjwa, halafu nikaanguka chali. Moto ukatoka shingoni, ukapita begani, ukashuka mpaka kidole gumba cha mkono wa kulia.

Mlicheka kwanza. Hata mimi ningecheka. Mlipoona siinuki mkanyamaza. Mama Njeri akasema ni mshipa tu umejikunja, akaleta dawa ya kuchua, akashika kichwa changu kwa mikono miwili akakizungusha huku na huku. Mama Njeri, usianze kulia. Mimi ndiye nilikuambia vuta, na nikakuambia vuta tena.

Nilifika nyumbani nimekaza shingo. Baba Sheila akauliza kuna nini. Nikamjibu maneno manne: "Mazoezi ya Chebet yameniumiza." Hayo tu. Sikusema juu ya zamu wala kichwa. Mume wangu ni mtu mpole, lakini siku hiyo alishika simu akamwambia huyo msichana maneno ambayo sitayarudia hapa. Nilikuwa nimekaa kando yake nikisikia. Chebet hakujitetea, kwa sababu hata hakujua kilichotokea. Aliomba msamaha kwa kosa ambalo hakufanya, akaacha kuja. Nami nikanyamaza.

Wiki ya kwanza ilikuwa ni maumivu. Nikikohoa naona nyota. Wiki ya pili maumivu yakapungua kidogo, nikasema asante Mungu, kumbe ndiyo mambo yalikuwa yanaharibika. Kidole gumba kikafa ganzi, kisha cha kando yake. Nikiwa saluni kitana kikawa kinaniponyoka. Siku moja nilikuwa nagawanya nywele za mteja, nikaangalia mkono wangu: nywele iko kati ya vidole, lakini siisikii. Niliibana zaidi. Sikusikia kitu. Nikamwambia mteja naumwa na kichwa, nikafunga saluni mchana.

Wiki ya tatu ikawa miguu. Nilitembea nikiyumba kama mlevi, na mimi pombe sijaonja. Siku moja nikiwa sokoni nachagua sukuma wiki, mkojo ukanitoka. Sikujua mpaka nikahisi viatu vimelowa. Nilifunga sweta kiunoni, nikaenda nyumbani polepole nikiangalia chini. Sikumwambia mtu. Mnajua kwa nini sikwenda hospitali? Kwa sababu huko wangeuliza nilianguka vipi, na Baba Sheila angekuwa hapo akisikia. Niliona afadhali aibu ikae ndani.

Asubuhi moja Baba Sheila alinipata nimekaa kitandani nimeshika kifungo cha blauzi, nalia. Nilikuwa nimejaribu kukifunga kwa muda mrefu sana. Alipiga magoti, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akasema, "Twende."

Daktari alikuwa mwanamume mdogo mwenye sauti ya chini. Alinigonga goti kwa kinyundo, mguu ukaruka karibu nimpige teke. Akaniambia nifunge na kufungua ngumi haraka haraka, mkono ukawa mzito. "Mama, ulianguka?" Nikamwambia ni mazoezi. "Mazoezi gani?" Nikaangalia dirisha. Akaniacha, akanipeleka kwenye ile mashine kubwa ya picha, iliyokuwa inapiga kelele utadhani mabati yanagongwa.

Picha zikarudi. Akatuonyesha: ndani ya mifupa ya shingo kuna kama waya mkubwa unaopeleka habari mikononi na miguuni, na kile kitu laini kinachokaa kati ya mfupa na mfupa kilikuwa kimetoka mahali pake, kimeukandamiza huo waya. Akasema lazima nipasuliwe, tena upesi. Tukingoja, mikono itaisha na miguu itafuata.

"Daktari," nikamwambia, "ukinipasua nitasuka tena?"

"Napasua ili yasizidi kuharibika. Yaliyopotea, mengine yatarudi, mengine sijui. Siwezi kukudanganya, mama."

Hilo neno liliniingia. Mtu ambaye hanijui amekataa kunidanganya, na mimi nimemdanganya mume wangu wa miaka ishirini na saba.

Asubuhi ya kupasuliwa, nikiwa nimevaa ile nguo yao iliyo wazi nyuma, nikamshika Baba Sheila mkono. Nikamwambia yote: zamu, leso katikati ya ukumbi, Mama Njeri akihesabu. Nikamwambia kwamba Chebet alikuwa ametukataza, tena siku hiyo alikuwa ashaenda zake.

Akasema, "Kwa hivyo ulisimama kwa kichwa."

"Ndiyo."

"Ndani ya ukumbi wa kanisa."

"Ndiyo."

"Wewe, nyanya wa wajukuu wawili."

"Ndiyo, Baba Sheila."

Akacheka. Alicheka mpaka nesi akaja kuuliza kama kuna shida. Halafu kicheko kikageuka, nikaona anapangusa macho kwa mkono wa shati. "Ningekuzika bila kujua," akasema. "Na huyo mtoto wa watu nilimtukana." Manesi wakaja wakanichukua.

Nilipoamka, shingo imefungwa, koo linauma kama nimemeza msumari, niliona watu wawili kwenye benchi kando ya kitanda. Mmoja ni mume wangu. Mwingine ni Chebet, bado amevaa nguo za mazoezi, macho mekundu. Baba Sheila alikuwa amempigia simu nikiwa bado ndani, akaomba msamaha, na msichana akaacha klasi ya Milimani katikati. Nilijaribu kusema nisamehe. Sauti ilitoka kama ya jogoo mgonjwa. Chebet, anayeniita mathe badala ya mama, akasema, "Mathe, nyamaza. Utasema ukipona." Leo nimepona, Chebet. Nisamehe, mbele ya hawa wote.

Nilivaa kola ya shingo wiki nyingi. Kumeza hata uji ilikuwa kazi. Mkojo ulirudi mahali pake haraka, miguu nayo ikafuata, namshukuru Mungu. Mikono ndiyo ilikataa. Sikuweza kuchana hata nywele zangu, na Baba Sheila akasema atazisuka yeye. Alinisuka matuta manne. Jirani mmoja, msimcheke, aliuliza kama ng'ombe amenilamba. Nilienda nayo kliniki hivyo hivyo, kwa sababu alikuwa ameyasuka akiwa ametoa ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, na nilimpenda siku hiyo kuliko siku ya harusi.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini alinipa kazi ya kukamua taulo, kuokota maharagwe moja moja, kufunga na kufungua vifungo. Chebet alikuwa anakuja mara tatu kwa wiki kunisimamia. "Moja zaidi, mathe." Nilimtukana. "Sawa, nimesikia. Moja zaidi." Kila akimaliza ananifunga macho kwa leso, anaweka kitu kati ya kidole gumba na cha pili, anauliza ni nini. Mwezi wa kwanza jibu lilikuwa sijui. Mwezi wa pili, sijui. Nikamwambia Baba Sheila auze kiti cha saluni na kioo. Akasema atauza. Kila nikimwuliza, anasema mteja bado hajapatikana, na kumbe hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Siku moja Chebet akaweka kitu. Nikasema, "Hiyo si haragwe. Ni ndogo, ni ya mviringo. Chebet, hiyo ni njegere!" Nikavua leso, nikampata ameketi sakafuni analia, na njegere bado iko mkononi mwangu.

Sasa niwaambie kitu. Ukianguka kwa shingo, usikubali mtu aikande wala kuivuta, hata kama anakupenda kama Mama Njeri anavyonipenda. Vidole vikifa ganzi, kifungo kikikushinda, miguu ikiyumba, mkojo ukikutoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme ukweli wa vile uliumia. Mimi nilipoteza wiki tatu nikificha aibu. Na mazoezi msiache, yalinisaidia na bado nayapenda. Lakini mwalimu akisema hii bado, ni bado. Zamu yako ikifika na mwili umekataa, sema napita. Chai utapika tu.

Nawashukuru kwa sufuria za chakula, kwa maombi, kwa kufua nguo zangu. Nashukuru daktari ambaye hakunidanganya. Baba Sheila hayuko hapa, lakini najua mtamfikishia.

Kidole gumba bado kina ganzi kidogo kwenye ncha. Zile rasta nyembamba sana siziwezi, labda sitaziweza tena, nimelia kwa hiyo na nimenyamaza. Jumamosi iliyopita nilifungua saluni. Wateja walichungulia, wakapita, na siwalaumu. Chebet akaingia, akakaa kwenye kiti, akatoa kofia. "Anza na mimi," akasema. Matuta manane, ambayo zamani ningeyamaliza kabla chai haijapoa. Yalinichukua tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa. Nilipomaliza akageuza kichwa kwenye kioo, akasema, "Mathe, hili la kati limepinda."

"Najua. Ngoja nilifumue."

"Usiliguse."

Amefundisha nalo Milimani wiki nzima, na kila anayeuliza anamwambia jina langu. Chebet, simama mama. Geuka, hata wa huko nyuma walione.