Bibi alidanganya kliniki kuhusu mdogo wangu, nikalianzisha palepale

Wakuu, habari za muda huu. Nina hasira mpaka sasa. Chumvi sijatia hata punje.

Mdogo wangu Nasri ana mwaka na nusu. Haongei. Hata "mama" hakuna. Ukimwita hageuki mpaka akuone.

Mama anauza madera Kariakoo. Jirani yake muuza viatu ana spika inabweka "buku tano! buku tano!" kutwa nzima. Nasri analala chini yake kama yuko Ulaya.

Wateja wanasifia: "Mtoto mpole huyu, hasumbui!"

Mpole?? Mimi ile spika inanitoa machozi.

Nikisema nyumbani, bibi anajibu: "Wa kiume huchelewa. Hata baba yako alichelewa." (Kweli, mzee mpaka leo haongei, hasa ukimtajia ada.)

Na kliniki miezi yote wanamning'iniza kwenye mizani kama nyama ya buchani, kilo ziko sawa, nendeni.

Juzi mama alibanwa na mzigo, Nasri tukampeleka mimi na bibi. Tukakuta nesi mpya, huyu anauliza maswali.

"Bibi, anaita mama?"

"Anaita sana!"

"Akiitwa anageuka?"

"Huyu? Mwepesi huyu!"

"Ukimwambia leta kiatu?"

"Analeta na soksi!"

Soksi! Nasri hana hata soksi, wakuu.

Nesi anaandika tu ndiyo, ndiyo. Nikaona tunarudishwa nyumbani tena. Nikapasuka: "Nesi, anakudanganya! Hajawahi kusema neno!"

Bibi akanifinya paja. "Funga bakuli! Unataka mjukuu wangu aitwe bubu?"

Kumbe ndiyo hiyo. Aibu.

Nesi akaweka kalamu chini. Nikampakata Nasri, nesi akazunguka nyuma yetu, akagonga kopo kwa kijiko. PAA! Niliruka. Bibi akaita Mtume. Mtoto wa benchi la pili akaangua kilio.

Nasri akaendelea kutafuna kofia yake.

Tumeandikiwa kwenda hospitali kubwa kupimwa masikio. Nesi kasema tungewahi ingekuwa bora zaidi, ila bado anaweza kusaidiwa.

Funzo: pale kliniki anayepimwa ni mtoto, siyo heshima ya ukoo. Ukijibu uongo, unafaulu wewe, anafeli yeye.

Aliyepitia hili aje aeleze mtoto wake alisaidiwaje, mama anasoma hapa. Na nyie wa "wa kiume huchelewa" njooni pia, nawasubiri.

Bibi amenuna, hanisemeshi tangu juzi. Anune tu. Huenda Nasri hajasikia sauti ya mtu tangu azaliwe, na wote tulikuwa tunampongeza kwa upole.