Fundi Puli na Vilima vya Karema

Siku tisa kabla ya harusi ya Upendo, Feisal muuza spea aliingia gereji ya Gabrieli Lyamba pale Majengo, amekumbatia boksi kama mtu aliyebeba mtoto wake wa kwanza.

"Supachaja, fundi! Imeshuka na basi la Dar. Ifunge kwenye Celica yako uone vilima vya Karema vitakavyoinama."

Lyamba alifuta mikono, akaitoa boksini. Ilikuwa pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini. Huisukumia injini hewa nyingi kuliko inayoweza kuvuta yenyewe, na nguvu zikaongezeka. Alikuwa ameitamani miaka mingi. Celica yake nyekundu ya milango miwili ilitengenezwa mwaka 1986, na Upendo, binti yake, alikuwa darasa la pili alipomwambia, "Baba, siku nikiolewa utanipeleka na hili." Sasa anaolewa, tena Karema.

"Linapanda mlima likikohoa," Feisal alimchokoza. "Utamfikisha bi harusi watu wameshaosha masufuria."

Lyamba alicheka, lakini maneno yalimwingia.

Kesho yake asubuhi alitoa plagi zote, akapima mgandamizo kwa geji. Silinda tatu zilisoma mia na hamsini na kitu. Ya nne ilikomea mia na kumi. Aliitia kijiko cha oili, akapima tena, na mshale ukapanda hadi mia na arobaini. Oili ilikuwa imeziba mwanya kwa muda; basi ringi za pistoni hiyo zimelika. Ukiisukumia hewa injini ya namna hiyo, joto linapanda, gasketi inaweza kuungua, hata pistoni ikatoboka katikati ya mlima, na bi harusi akabaki porini na shela lake. Ringi mpya zingechukua wiki tatu kufika. Lakini labda, alijiambia, kwa safari moja tu, ikisukuma kidogo tu...

Imakulata, mkewe, alimkuta amechuchumaa vile vile alipomletea uji.

"Baba Upendo, mbona unaitazama hiyo geji kama matokeo ya mtihani?"

Alimweleza yote, pamoja na ile "kidogo tu". Imakulata aliegemea bodi ya gari.

"Haya, Fundi Puli."

Jina hilo Lyamba alipewa kijijini Kasekese, kabla hawajaoana. Ulikuwa msimu wa mavuno, foleni mashineni ndefu, naye akaifunga injini kuukuu ya dizeli puli kubwa, lile gurudumu la kuzungusha mkanda, ili kinu kisage haraka. Wiki mbili alisifiwa, akapewa na kuku. Wiki ya tatu injini ilizidiwa, konektingi rodi, chuma kinachoshika pistoni, ikakatika na kutoboa bloku mbele ya akina mama na mahindi yao. Walibeba mizigo yao hadi kijiji cha pili, wakimwimba "Fundi Puli" njia nzima.

"Nilitembea kilomita saba na debe kichwani kwa sababu ya puli yako," alisema Imakulata.

"Na bado ukakubali nikuoe."

"Nilitaka nikukumbushe hizo kilomita maisha yangu yote."

Lyamba alicheka mpaka uji ukamwagika. Akairudisha supachaja kwenye boksi, akampelekea Feisal.

"Nitunzie. Nikishabadilisha ringi na gasketi na kuweka rejeta kubwa, nitaifuata."

"Sema uzee umeingia, mzee mwenzangu."

"Umeingia silinda ya nne tu. Tatu zilizobaki bado vijana."

Jumamosi Celica iling'aa kama sahani mpya. Kwenye kilima cha mwisho kabla ya Karema ilipanda kwa gia ya pili, huku Feisal akiwasubiri juu na gari lake, anapiga honi za dhihaka. Wanakijiji walikuwa wamesimama kando ya njia wakipiga vigelegele. Lyamba aliona aibu, mguu wake ukaanza kukandamiza mafuta.

"Baba, usikimbize," Upendo alisema kutoka nyuma, akitoa mkono dirishani kuwapungia. "Hawa bado hawajaniona vizuri."

Lyamba akalegeza mguu. Mshale wa joto ulikuwa umetulia katikati.