Chakula Nilichomtumia Mama Hakikumfikia

Asalaam aleikum admin, na nyote mnaosoma ukurasa huu. Naomba unifichie jina. Hata majina nitakayoyataja nimeyabadilisha, maana watu wa kwetu wanasoma humu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka thelathini na sita, naishi Ukunda na mume wangu ambaye ni fundi wa kuezeka makuti. Kwetu hasa ni Jego, kule mwisho karibu na Vanga. Zamani nilikuwa nikisafisha vyumba kwenye hoteli moja ya Diani, mpaka tukapunguzwa kazi. Hapo ndipo nilipoijua njaa, na sikujua kwamba ina aibu namna ile. Majirani wakinikaribisha nilikuwa nikiwaambia tumeshakula, na wanangu wameshindia uji mwepesi usio na sukari. Aliyenigundua ni Bi Zainabu, mama mtu mzima anayesimamia ghala la chakula la mtaani kwetu. Ghala hilo hukusanya unga, mchele, maharagwe na mafuta kutoka kwa maduka, hoteli na wakulima wenye ziada, kisha hugawia nyumba zenye shida. Hakunihoji. Alinipa mfuko akasema, "Chukua mwanangu, ukawapikie watoto. Ukipata nafasi njoo utusaidie kupima mchele."

Nilikwenda kesho yake, na mpaka leo nipo. Mume wangu alipopata kazi za kutosha tuliacha kupokea, lakini mimi sikuacha kupima na kushona mifuko.

Mvua zilipokatika, mahindi ya Jego yakakaukia shambani. Nikamwomba Bi Zainabu nyumba kumi na mbili za kwetu ziingizwe kwenye mgao, na ya mama yangu ikiwemo. Akasema sawa, lakini anataka mtu wa huko wa kupokea na kugawa. Nikamtaja kaka yangu Bakari, mkubwa wangu, aliyenilea baada ya baba kufariki.

"Unamwamini?" akaniuliza.

"Kama ninavyojiamini mwenyewe."

Basi kila mwezi gari likapeleka chakula, pamoja na fungu la Bakari mwenyewe kwa kazi ya kugawa. Nikimpigia mama simu, ananiambia, "Kimefika mwanangu, Mungu akubariki." Nilikuwa nikikata simu nimefurahi.

Mwezi uliopita niliisikia sauti yake imepungua nguvu. Jumamosi moja nikanunua samaki na mkate, nikaenda bila kumwambia mtu. Wa kwanza kukutana naye alikuwa jirani yetu Bi Mwanakombo, mjane anayelea wajukuu wanne. Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba bila kuinua uso kutoka kwenye muhogo aliokuwa akiumenya. Mwanamke huyu amenibeba mgongoni nikiwa mdogo.

Mama nilimkuta amekonda mpaka bangili zimemshuka kwenye kiganja. Nikapika samaki, nikamtengea. Akasukuma sahani. "Kula wewe mwanangu. Mimi nimefunga."

Nilikuwa nimemwona akinywa maji muda mfupi tu uliopita. Nikainuka nikaangalia jikoni kwake. Kulikuwa na chumvi, vipande viwili vya muhogo na chupa ya mafuta iliyo tupu.

"Mama, chakula cha ghala kiko wapi?"

Aliyenijibu ni Bi Mwanakombo, aliyekuwa amefika mlangoni. "Unamuuliza nini mamako, na wewe ndiye uliyekisimamisha? Kaka yako alituambia tangu mwezi wa pili wa mgao kwamba dada yake wa Ukunda amesema watu wa Jego wamezidi kuomba."

Nikatoka nikaenda barabarani, kwenye mkahawa wa mke wa Bakari. Katika mkahawa huo nimewahi kula wali wa maharagwe na kumsifu wifi yangu kwa bidii yake. Safari hii nilipita moja kwa moja mpaka nyuma. Mifuko ilikuwa imepangwa ukutani, mingine bado imefungwa kwa uzi wa buluu nilioshonea kwa mikono yangu.

Kaka hakukana. "Nilianza na mfuko mmoja tu," akasema. "Na mimi nina watoto."

"Watoto wako walikuwa na fungu lao, kaka. Ulimnyima mama."

"Wewe umeshatoka kwenye shida. Hujui tena maisha ya huku."

Nilirudi kwa mama nikilia. Kilichonimaliza ni kwamba yeye alijua siku zote kuwa Bakari ndiye anayekichukua. Nikamwambia nitamweleza Bi Zainabu kila kitu. Akanishika mkono. "Ukimsema kaka yako nitakuwa nimepoteza mtoto. Wewe uko mbali. Nikianguka hapa, ni yeye atakayeninyanyua."

"Akunyanyue baada ya kukulaza na njaa, mama?"

Akauachia mkono wangu, nami nikaona haya kwa kumsemesha vile mzazi wangu.

Tangu siku hiyo nampelekea mama unga mwenyewe, na Bi Mwanakombo pia, ambaye hupokea bila kunitazama. Nyumba kumi zilizobaki siwezi kuzilisha. Mume wangu anasema nikikaa kimya, basi na mimi ni mwizi. Naogopa nikisema, Bi Zainabu ataikata Jego yote, na watoto wa nyumba zile ndio watakaoumia. Naogopa pia kumtazama usoni, maana aliniuliza kama namwamini Bakari, na mimi nikamjibu.

Kaka amenisaliti, mama amenificha, na Jego nzima inaamini mimi ndiye niliyewanyima chakula. Jumatano hii mizigo ya Jego inapakiwa tena. Jana Bakari alinipigia simu, akanisalimia vizuri kabisa, akaniuliza gari litafika saa ngapi. Nilimwambia saa nne.

Ndugu zangu, nipeni mawazo yenu kabla ya Jumatano. Nimtaje kaka nimpoteze mama, au nishone mifuko ninyamaze?