Uzi wa Kioo Juu ya Bomba la Mvuke

Niliondoka Mbeya kwa sababu mdogo wangu Neema alinipigia simu akasema mumewe siku hizi anaaga kila anapokwenda kazini, kama mtu anayekwenda mbali. Shemeji yangu Tumaini huwasha boila katika kiwanda cha kukausha mbao nje kidogo ya mji wa Njombe. Bomba kubwa la mvuke lilikuwa likilia kila moto ulipokolea, na meneja alishawaambia wafanyakazi kwamba chuma kikipata joto hulia tu. Mimi hufundisha ufundi wa vipimo chuoni. Mkuu wangu wa idara aliposikia ninakotaka kwenda alisema nyuzi za kioo ninazopimia ni za maabara, hazitahimili moshi na vumbi la mbao. Sikubishana naye. Nilichukua likizo, nikafunga vifaa vyangu, nikapanda basi.

Makambako nilipokewa na upepo wake unaopenya hata sweta. Nilishuka kutafuta vibano vya chuma. Karibu na stendi nilimkuta fundi, baba mmoja mnene, akanikatia huku akikitazama kijibomba changu chembamba kama spoku ya baiskeli.

"Ndani kuna nini?"

"Uzi wa kioo, baba. Mwembamba kama unywele. Naupitishia mwanga."

Nikamweleza kwamba uzi huo, nitakaoufunga kwenye bomba la mvuke, una alama ndani yake zinazorudisha rangi moja ya mwanga. Chuma kikivutika, uzi nao huvutika, alama huachana, na rangi inayorudi hubadilika kidogo. Mashine yangu husoma badiliko hilo.

"Na gundi? Kwenye joto hilo si itaachia?"

"Itaachia. Ndiyo maana nimekuja kwako kutafuta vibano."

Akacheka, akavikata vizuri.

Njia ya kwenda Njombe ilipanda na kushuka katikati ya misonobari, manyunyu yakitusindikiza. Jioni nilifika kwa Neema. Mama mkwe wake alinipa mkono akanisalimu kwa lugha ya kwao, "Kamwene," nami nikaitika kama nilivyofundishwa. Tulikula viazi vya moto karibu na jiko. Tumaini hakumaliza chakula chake.

Asubuhi, boila likiwa bado baridi, meneja aliniruhusu. "Pima, dada, uwaondolee hawa watu hofu." Mahali padogo palipokuwa wazi bila kifuniko, nilibana uzi mmoja ukashikana na bomba sawasawa. Wa pili niliulaza kandoni, umelegea ndani ya kijibomba chake, usikie joto peke yake bila mvuto, maana joto nalo hubadilisha rangi. Nikiondoa badiliko la uzi huu wa pili kwenye la ule wa kwanza, kinachobaki ni mvuto wa chuma.

Moto ulipowashwa, kipimo kilipanda. Hilo nililitegemea. Nilichokuwa nikingoja ni boila kupoa. Lilipopoa, kipimo kilishuka, lakini hakikurudi kilipoanzia. Kesho yake kilipanda zaidi, kikabaki juu zaidi. Bomba lile lilikuwa linavutika na halirudi tena.

Nilimfuata meneja, nikamwambia wasiwashe.

"Umekuja kupima au kunifungia kiwanda?"

"Nimekuja kupima. Na nilichopima kinasema msiwashe."

"Mbao zimejaa kwenye vyumba, wateja wanasubiri. Ng'oa nyuzi zako."

"Sing'oi."

Akamgeukia shemeji yangu. "Tumaini, washa."

Tumaini aliegemeza koleo ukutani. "Siwashi, bosi. Nifukuze nikiwa mzima."

Wenzake wawili wanaopakia kuni walikuja wakasimama kando yake. Meneja akapandwa na hasira, akaamuru bomba livuliwe pamba na bati lililolifunika, ili aniaibishe mbele ya wote.

Bati liliposhuka tuliona ufa. Ulikuwa umezunguka nusu ya kiungo cha kuchomelea, jirani na egemeo ambalo bomba linatakiwa kuteleza juu yake linaporefuka kwa joto. Kutu na vumbi la mbao vilikuwa vimeligandisha egemeo hilo. Bomba lilipokosa pa kwenda lilijipinda, kila siku, pale pale. Meneja alipitisha kidole juu ya ufa, akakifuta kwenye suruali.

"Kateni," alisema, akaenda zake. Hakuniomba radhi, wala sikuwa nimefuata radhi.

Nilikaa mpaka bomba jipya likafungwa na egemeo likasafishwa. Nikapima tena. Kipimo kilipanda na moto, kikashuka na baridi, kikatulia mahali pake. Siku ya kuondoka, Tumaini alikuwa zamu. Neema alinisindikiza stendi akiwa na kapu la viazi, akaniambia kwamba asubuhi ile mumewe alitoka nyumbani akipiga mluzi, akasahau kuaga.

Basini nilikuwa na muda wa kufikiri. Uzi ule ulisema kweli tangu siku ya kwanza, na kweli yake isingemwokoa mtu yeyote kama moto ungewashwa. Kifaa kinaweza kusema. Kukataa ni kazi yetu sisi.