Ukuta wa Sebule

Fundi anapiga msasa kuta za chumba changu hapa mtaa wa Soweto, mjini chini ya mlima, na harufu ya vumbi la chokaa imenitoa nje. Nazunguka uani, siwezi kukaa.

Nikiwa mtoto, kule kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo juu migombani, niliamka asubuhi moja nikakuta viti vya sebule vimetolewa. Shangazi na majirani walikuwa wakikwangua rangi iliyobabuka. Baba aliziba nyufa kwa saruji. Mama alikuwa amelazwa hospitali wiki nzima.

“Shikamoo, shangazi. Mama anarudi?”

Aliendelea kukwangua. “Marahaba. Anarudi kesho.”

Nikachukua kisu nikakwangua mpaka vidole vikachubuka, maana nilitaka akute ukuta laini. Kila gari lilipopanda mlima nilikimbilia mlangoni.

“Bado, mwanangu,” shangazi alisema, akinipa mgongo.

Kesho yake gari lilifika, na watu wakashuka wakiimba taratibu. Waliliweka jeneza la mama katikati ya sebule. Rangi mpya iliyopakwa usiku ilikuwa bado mbichi. Nikasimama ukutani, nikimwambia kila aliyeingia asiuegemee, kwa kuwa mama alikuwa hajauona.