Nilipovitetea Vita vya Iraq

Jumapili iliyopita nilikwenda Homa Bay kumtembelea binti yangu shuleni. Ni shule ile ile niliyosoma mimi, juu ya kilima, na ziwa liko chini yake liking'aa kama bati jipya. Nilikuwa nimebeba chapati, kuku wa kukaanga na ndizi mbivu. Tulipomaliza kula akanishika mkono, akanivuta hadi kwenye bwalo la zamani. "Mama, njoo nikuonyeshe kitu." Ukutani, katikati ya picha za timu za mpira wa wavu, kulikuwa na picha yangu. Nina miaka kumi na sita, soksi moja imeteremka, nimeshika kikombe kwa mikono miwili na ninacheka meno yote nje. Chini yake mtu ameandika kwa kalamu: Bingwa wa Mjadala.

Binti yangu alitaka kujua mada ilikuwa nini. Wenzake wawili walikuwa wamesimama nyuma yake wakingoja jibu. Nikawaambia nimesahau. Sikuwa nimesahau, rafiki yangu, na uongo huo umenisumbua wiki nzima. Acha nikusimulie wewe.

Ulikuwa mwaka ule Marekani walipoingia Iraq. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Maisha yetu pale kilimani yalikuwa ya kufungiwa. Lango lilitiwa mnyororo Januari likafunguliwa Aprili, madirisha yalikuwa na nondo, na barua zetu zilisomwa na mlezi wa bweni kabla hazijatufikia. Siku za juma tulizijua kwa chakula: Jumatatu githeri, mahindi na maharagwe yenye wadudu, Alhamisi ugali na omena, dagaa wa ziwani, Jumapili kipande cha nyama ambacho ungeweza kukificha chini ya ulimi. Mchana upepo ulituletea harufu ya samaki wanaoanikwa na mlio wa injini za boti zinazokwenda Mbita. Tulisimama kwenye nondo tukiwatazama watu wanaokwenda watakako.

Habari za vita tulizipata kwa mwalimu wa historia. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, na kila asubuhi alibandika vipande vya gazeti kwenye ubao wa matangazo. Kabla ya likizo ya Aprili alitutangazia kwamba mabweni yatashindana kujadili mada moja: Kuivamia Iraq ni halali. Alikata vikaratasi, akavitia katika kopo la chaki, tukavuta. Changu kilikuwa kimeandikwa "Kutetea". Bweni zima liliguna. Kila mtu shuleni alijua kwamba wale watu walifuata mafuta.

"Mwalimu, mimi siamini hivyo," nilimwambia.

"Sikukuuliza unaamini nini. Tafuta hoja."

Nikaenda na mada hiyo likizo, Migori. Nyumbani tulilima tumbaku, na kazi yetu watoto ilikuwa kufunga majani kwenye vijiti kabla hayajaingizwa kwenye banda la kukaushia. Utomvu wake ni mweusi, unanata kwenye vidole kama lami, na hata ukinawa kwa sabuni ya kipande bado chai unayokunywa itakuwa chungu. Mama alikuwa Msabato, dini yake inakataza tumbaku, na hakuligusa jani hata moja. Alikaa mbali na kuchagua maharagwe yake, mgongo ametugeuzia. Baba na baba mdogo walifunga pamoja nasi, redio ikiwa juu ya gunia, na walibishana kuhusu vita hivyo tangu asubuhi hadi jua la utosi.

"Mafuta," baba alisema. "Hapa kwetu hakuna mafuta. Umewahi kuona wanajeshi wao hapa Migori?"

"Rais wao aliwaua watu wake kwa sumu," baba mdogo alijibu. "Jirani akichinja watoto wake, wewe utakaa uhesabu ng'ombe alionao?"

"Na sumu hiyo waliiona leo? Miaka yote walikuwa wapi?"

"Hamjaulizwa, nyote wawili," mama alisema bila kugeuka.

Niliyaandika yote kwenye daftari kwa vidole vyangu vyeusi. Lakini nilijua hayatoshi.

Sasa nikuambie juu ya jirani yetu. Tulimwita Shangazi ingawa hatukuwa na undugu. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Nairobi, na siku ya lile bomu la ubalozi wa Marekani, mwaka 1998, alikuwa kazini, ghorofa ya tatu, ng'ambo ya barabara. Vioo vilimtoa macho yote mawili. Akarudi Migori, akapewa chumba kwenye boma la kaka yake, akawa anakaa mlangoni kwenye kigoda akibambua njugu. Vidole vyake vilijua njugu iliyooza kabla hata ganda halijafunguka.

Tangu nikiwa darasa la saba mimi ndiye niliyemsomea. Nilimsomea magazeti yaliyofungiwa sukari, magazeti ya mwezi uliopita, chochote kilichokuwa na maandishi. Alinifundisha kusoma kwa sauti. "Usikimbie, nyathina," alikuwa akisema, yaani mwanangu. "Nukta imewekwa ili upumue. Na msikilizaji naye apumue." Kama nina sauti yoyote leo ya kusimama mbele ya watu, ni yake.

Habari ya siku ile alinisimulia mara moja tu. Alisema kulikuwa na mlio wa kwanza, mdogo, kama tairi limepasuka. Watu wote ofisini wakakimbilia dirishani kuchungulia. Yeye naye akaacha mashine, akaenda. "Wale waliokuwa wavivu wa kuinuka wana macho yao," alisema, akacheka kidogo. Kisha akaniambia, "Hilo nimekupa wewe. Usilipeleke sokoni."

Siku ya mjadala bwalo lilijaa hadi wasichana wakakaa juu ya meza. Kwa nusu saa tulipigwa. Mpinzani wangu, msichana wa kidato cha tatu, alisema silaha hazijaonekana, akasema mafuta, na kila aliposema mafuta bwalo lote liligonga meza kwa vijiko. Nikasimama kufunga hoja. Hoja zilikuwa zimeniishia. Nilitazama uso wa mwalimu mkuu aliyekaa mbele na karatasi ya alama, nikasikia mdomo wangu unaanza wenyewe.

"Mnacheka," nilisema. "Mimi nina shangazi ambaye hana macho."

Vijiko vikanyamaza. Nikawasimulia. Mlio mdogo, dirisha, vioo. Nilisimulia polepole, nikipumua kwenye kila nukta kama alivyonifundisha mwenyewe. Nikamalizia: "Nanyi mnauliza kwa nini watu wanakwenda vitani? Waulizeni waliopofushwa." Wasichana walilia. Mpishi aliyesimama mlangoni alilia. Tukashinda, nikapewa kikombe, na picha ikapigwa.

Tulipokuwa tukipanga viti, mwalimu wa historia alinijia. "Hao waliotega bomu la Nairobi, Iraq inawahusuje?"

Sikuwahi kusema kwamba inawahusu. Nilikuwa nimeviweka vitu viwili kando kwa kando tu, nikawaacha wasikilizaji waviunganishe wenyewe.

"Hongera," alisema, na akaendelea kupanga viti.

Mwalimu mkuu yeye hakuwa na maswali. Kesho yake paredini alitangaza kwamba nitaiwakilisha shule kwenye mashindano makubwa zaidi, tena yatafanyika Migori, nyumbani kwetu, na kwamba huyo shangazi ataalikwa akae mstari wa mbele. Nilikwenda ofisini kwake kumwomba nisiende. Nilisema naumwa. Akaniuliza naumwa nini, nikakosa ugonjwa. Akanipa barua nimpelekee Shangazi wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula.

Safari nzima barua ilikuwa ndani ya blauzi yangu. Niliwaza kuitupa, lakini mwalimu mkuu alikuwa ameshampigia simu mchungaji wetu, na mchungaji alikuwa ameshamwambia mama, na nilipofika nikamkuta Shangazi mlangoni pake amevaa gauni la buluu, ananingoja. Habari ilinitangulia kila mahali nilipotaka kupitia.

"Nasikia kuna barua yangu," alisema. "Nisomee."

Nani mwingine angemsomea? Nikafungua. Nikasoma salamu. Nikasoma pongezi. Kisha nilipofika kwenye ile sentensi nikairuka, nikaingia kwenye sentensi ya mwisho.

"Hapo umekimbia," Shangazi alisema. "Rudia."

"Nimesoma vizuri, Shangazi."

"Rudia."

Nikarudia. Mwalimu mkuu alikuwa ameandika kwamba mwanafunzi wake ataeleza jinsi magaidi wa Iraq walivyompofusha mama huyu, na kwamba kuwapo kwake ukumbini kutawagusa waamuzi. Mikono ya Shangazi iliacha kubambua njugu. Kuku mmoja alikuja akadonoa njugu kwenye ungo na hakumfukuza.

"Walionifanyia hivi," alisema, "kuna hata mmoja aliyetoka Iraq?"

"Sijasikia hivyo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi mbona?"

"Nilipewa upande, Shangazi. Tulivuta karatasi."

Nilisema samahani. Nilipiga magoti, nikamshika mguu. Hakuuondoa mguu. Aliuvuta ungo mapajani, akasema, "Mwambie mwalimu wako nitakuja."

Nilitaka akatae. Angekataa, ningekuwa na sababu ya kunyamaza. Alipokubali alinifungia mlango wa mwisho.

Alikuja kweli, kwa gauni lile la buluu, mama akimshika mkono. Walimweka katikati ya mstari wa mbele, uso wake umeinuliwa kidogo kuelekea nilikosimama. Wenzangu walikuwa wamekuja na basi la shule wakiimba njia nzima kutoka Homa Bay. Nilianza na hoja ya baba mdogo kuhusu sumu na watu waliouawa, na bado naona ilikuwa hoja ya kweli, isiyo ya kuchekwa. Nikasema kwamba kuna wakati kukaa kimya pia ni kosa. Watu walipiga makofi. Kisha nikafika mahali pa hadithi. Mwalimu mkuu alikuwa ameegemea mbele. Wasichana wetu walikuwa tayari wameshika vitambaa vya kufutia machozi.

Ningependa kukuambia kwamba niliungama mbele ya ukumbi ule. Sikuungama. Nilisimama tu. Nilimtazama Shangazi, naye aligeuza sikio kunielekea kama afanyavyo anaponingoja nipindue ukurasa. Ukumbi ulikuwa na madirisha madogo, juu kabisa, na nakumbuka niliyahesabu. Mtu akakohoa. Mwalimu mkuu akanong'ona, "Endelea, endelea." Nikasema, "Asanteni," nikaketi, na dakika mbili zangu zikabaki zikining'inia hadi kengele ilipolia.

Tulishindwa. Kwenye basi hakuna aliyekaa na mimi. Mwalimu mkuu aliondoa jina langu kwenye chama cha mjadala, na sikusimama tena mbele ya bwalo lile hadi nilipomaliza shule. Ajabu ni kwamba picha hawakuiondoa.

Likizo ya Agosti nilipita mlangoni pa Shangazi mara nyingi. Alinijua kwa hatua zangu, akaniitikia salamu, akauliza masomo. Hakuniambia nikae. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akimsomea siku hizo, kwa kukwamakwama, na mimi nikiwa bandani na vijiti vyangu niliisikia sauti yake ikigonga maneno magumu, nikiyataja kimoyomoyo.

Nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne Shangazi aliponiita. Alikuwa na gazeti mapajani, jipya, la siku hiyo hiyo. Alikuwa amemtuma mtu mjini kulinunua. "Nimeambiwa kuna habari ya Iraq," alisema. "Kaa." Nikakaa. Nikamsomea kwamba walikuwa wametafuta kila mahali, majangwani na kwenye maghala, na zile silaha walizokwenda kuzifuata hazikuwapo. Nilisoma hadi mwisho bila kuruka hata neno.

"Kwa hiyo waliingia kwa nini?" aliuliza.

Hakuwa ananitega. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua, na aliniuliza mimi kwa kuwa ndiye niliyewahi kuvitetea vita hivyo. Nilimwambia ya baba na nikamwambia ya baba mdogo. Alisikiliza yote. Halafu akasema, "Huko Baghdad yuko mwanamke alisikia mlio, akaenda dirishani. Alikuwa anapiga chapa barua ya mtu. Mimi humfikiria. Najiuliza kama ana wa kumsomea."

Shangazi alifariki nikiwa nafundisha Lambwe. Chumba chake kimebomolewa, kaka yake ameuza boma, na pale alipokuwa akikaa pana duka la vifaa vya ujenzi. Baba ameacha tumbaku, banda limeanguka, na baba mdogo aliyekuwa akibishana naye yuko kaburini. Vita vinaendelea kuja, hivi baada ya vile, ndani ya simu. Watu wanatazama picha, wanatikisa kichwa, wanawatumia wengine. Ni siku nyingi sijamsikia mtu yeyote Migori akibishana na ndugu yake asubuhi nzima kwamba hawa wamekwenda kule kufuata nini, na wana haki gani.

Binti yangu atafunga shule wiki ijayo. Nitamkalisha jikoni, nimwambie mada ilikuwa nini, na nimwambie tulishindaje. Naogopa uso wake. Lakini ni afadhali aitazame picha ile akijua mama yake anacheka nini.